Usimwambie Mamkubwa Abadilishe Lugha ya Kompyuta. Rekebisha Skripti Yako

Haya, nyinyi mnaonifuata kwa ajili ya video za viazi karai na foleni ya feri ya Likoni, leo mtanivumilia kidogo. Leo ni mambo ya kompyuta. Lakini msikimbie, maana ndani yake kuna pesa, kuna aibu, na kuna kosa langu mimi mwenyewe ambalo mpaka sasa nikipita mtaa fulani natembea upande wa pili wa barabara.

Mamkubwa wangu ana duka dogo la nguo Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Anauza mabuibui, leso, madera, mitandio. Kama mnavyojua maduka ya kule, nusu ya biashara ni mkopo. Mtu achukua buibui leo, alipa kidogo kidogo mpaka Ramadhani. Yote yaandikwa kwenye daftari. Mwaka jana nikamwambia, "Mamkubwa, hilo daftari nipe mimi, nitaliweka kwenye kompyuta."

Mjue pia hali yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu hapo nyumbani kila mtu anangoja kuona nitafanya nini na hiyo kompyuta ninayoikodolea macho mpaka alfajiri. Kwa hivyo kazi ya Mamkubwa kwangu haikuwa kazi ya duka tu. Ilikuwa nafasi ya kuonyesha kwamba sijapotea.

Nikaandika skripti, mistari kama 30 hivi. Inasoma faili la madeni, inayapanga kutoka kubwa hadi dogo kwa amri ya `sort -rn`, inachukua watu watatu wa juu, kisha inawatumia meseji. Kila Ijumaa saa moja jioni. Meseji yenyewe niliiandika kwa adabu, lakini ilikuwa na mstari huu: "Wewe ni miongoni mwa wateja watatu wenye deni kubwa zaidi dukani." Niliona ni ujanja. Mtu akisoma hivyo atalipa mbio.

Nikaijaribu kwenye kompyuta yangu mara tatu. Watu saba, madeni saba: 12,500, 8,300, 3,750, 950, 800, 600, 450. Ikanitolea watatu wa juu sawasawa. Nikaipeleka kwenye seva ndogo ninayokodi, nikaingia mwenyewe kwa mbali, nikaiendesha kwa mkono. Sawa tena. Nikaikabidhi kwa cron, ule mlinzi wa zamu anayeamsha skripti saa zikifika, nikaenda zangu kunywa kahawa chungu.

Jumamosi asubuhi simu. "Wewe mtoto, umewatumia nini watu?"

Bibi mmoja wa mtaani, mtu mzima, mtu wa heshima zake, alikuwa amefika dukani hata mlango haujafunguliwa wote. Akafungua pindo la leso, akatoa pesa, akazihesabu mezani mbele ya wateja. Shilingi 950. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini: "Ndimi mwenye deni kubwa kuliko watu wote?"

Mamkubwa hakuwa na jibu. Wale wengine wawili waliopata meseji walikuwa wa 800 na 600. Na yule wa 12,500? Hakupata chochote. Alilala usingizi wake mnono.

Ilinichukua siku mbili kujua kilichotokea, na nikijua nikataka kujipiga kibao.

Kompyuta yako ina mpangilio wa lugha na nchi. Si lugha ya menyu tu. Mpangilio huo ndio unaoamua nukta na koma kwenye nambari zina maana gani, tarehe inaandikwaje, herufi ipi inatangulia ipi, na ujumbe wa kosa unakuja kwa lugha gani. Kwenye Linux, mambo haya yanakaa kwenye vigezo vyenye majina kama `LANG`, `LC_NUMERIC`, `LC_TIME`, `LC_COLLATE`, na mkubwa wao wote, `LC_ALL`. Huyu akisema, wengine wanyamaza.

Sasa, kompyuta yangu iko kwenye Kiingereza cha Marekani. Katika mpangilio huo, `sort -n` inajua kwamba koma ndani ya 12,500 ni ya kutenganisha maelfu. Inaisoma elfu kumi na mbili na mia tano. Lakini cron kule kwenye seva alikuwa na mpangilio mtupu, ule unaoitwa `C`. Kwenye `C` hakuna koma ya maelfu. `sort -n` ikifika kwenye koma inasimama. Kwa hivyo 12,500 ilisomwa 12. 8,300 ikasomwa 8. 3,750 ikasomwa 3. Na 950 ya bibi wa watu ikasomwa 950, ikapanda juu kabisa.

Mbona nilipoijaribu kwenye seva ilifanya kazi? Hapa ndipo nilipocheka kwa uchungu. Mashine nyingi zimepangwa hivi: ukiingia kwa ssh, `LANG` yako na `LC_` zako zinasafiri pamoja nawe. Nilipoingia, niliingia na Kiingereza changu mfukoni. Nilipotoka, nikatoka nacho. Skripti ilikuwa mtoto anayetulia mgeni akiwepo, na mgeni akiondoka tu, nyumba yapinduliwa.

Hakuna kilichoharibika. Hakuna ujumbe wa kosa. Kila amri ilifanya kile ilichoambiwa na mpangilio wake. Hiyo ndiyo sehemu inayonitisha. Skripti ikianguka na kupiga kelele, utaamka uitazame. Lakini skripti inayotoa jibu baya kwa upole huisikii, mpaka mtu afungue pindo la leso mbele ya watu.

Nilipolisimulia jambo hili kwenye kundi letu la vijana wa kompyuta, jibu lilikuja kabla sijamaliza kuandika. "Si uweke kila kitu Kiingereza, yaishe?" Mwingine: "Kompyuta ni Kiingereza bro, acha mambo mengi." Na mwingine, huyu ndiye aliyenikera: "Wateja wakiweka Kiswahili kwenye mashine zao, shida ni yao."

Hapo ndipo nasema hapana. Na ndiyo sababu ya andiko hili lote.

Kwanza, kwa ukweli tu, ushauri wenyewe haufanyi kazi. Mashine ya kwangu ilikuwa Kiingereza! Kosa lilitokea hivyo hivyo, kwa sababu seva haikuwa mimi. Dawa yangu ya kwanza nayo ilikuwa hiyo hiyo: nikaandika juu ya skripti `LC_ALL=en_US.UTF-8`, nikajiona nimepona. Baada ya muda nikahamia seva nyingine ya bei nafuu, ambako mpangilio huo haukuwa umewekwa. Unajua mashine inafanya nini ukiomba mpangilio ambao haipo nao? Amri nyingi hazikuambii kitu. Zinarudi kwenye `C` kimyakimya. Bahati nzuri safari hii nilikuwa nimejifunza kutazama orodha kabla meseji hazijatoka. Ningekuwa nimemtukana bibi wa watu mara ya pili.

Na hata "Kiingereza" chenyewe ni kipi? Andika `locale -a` kwenye terminali, au tazama orodha nzima ya mipangilio kwenye `/usr/share/i18n/SUPPORTED` kama unatumia Debian au Ubuntu. Kenya imo kwa Kiswahili, `sw_KE`. Imo kwa Kisomali, `so_KE`. Imo kwa Kioromo, `om_KE`. Lakini kwenye orodha ya mashine yangu sikuona Kiingereza cha Kenya. Yaani ukisema "weka Kiingereza," unaniambia nijifanye niko nchi nyingine, kama Marekani au Uingereza. Ukichagua Marekani, tarehe fupi zinaanza na mwezi, na 03/04 ambayo kwetu ni tarehe 3 Aprili inageuka 4 Machi. Mtu ana deni la kulipa tarehe 3 Aprili, wewe waanza kumsumbua mwezi mmoja kabla. Haya, Kiingereza hicho.

Pili, binamu yangu yuko Ujerumani, Hamburg. Naye mama yake anauza achari na mabuyu kwa Waswahili wa kule. Akaniomba skripti. Ikakwama siku ya kwanza. Kwa Wajerumani koma ndiyo yetu nukta, na nukta ndiyo yetu koma. Elfu moja na mia tano wanaandika 1.500, na mia tisa na nusu wanaandika 900,50. Skripti ikampa `printf` ya bash nambari 950.50, na bash ikamjibu kwamba hiyo si nambari. Sasa nimwambie naye aweke mashine yake Kiingereza? Anaishi huko, anaandikiana na ofisi za huko kwa Kijerumani. Mashine iko sawa. Yeye yuko sawa. Asiyekuwa sawa ni mimi, niliyeandika skripti nikidhani dunia nzima inaanzia kwenye terminali yangu.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu. Kuna watu walihangaika ili kompyuta iseme Kiswahili. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mtu aliketi akatafuta neno la kila menyu na kila kitufe. Wengine wakaandika `sw_KE` na `sw_TZ`, ili ukiuliza siku kompyuta ikujibu Ijumaa. Halafu mimi kijana wa Mombasa, mwenye lugha yangu, naandika mstari kama huu:

`if [ "$(date +%A)" = "Friday" ]`

Mashine ya Kiswahili itajibu "Ijumaa." Ijumaa si sawa na Friday. Skripti haifanyi kazi. Mtu anachoka, anarudisha mashine Kiingereza, na anajisemea moyoni kwamba Kiswahili na kompyuta havipatani. Kumbe tatizo ni mstari mmoja wa uvivu wangu. Lugha haifi kwenye kompyuta kwa sababu ya amri ya serikali. Inakufa kwa mistari midogo ya namna hii, mmoja mmoja.

Sasa mtu atasema, lakini lazima kuwe na lugha moja ya kukutania, ama sivyo mashine zitaelewana vipi? Kweli kabisa. Na kwa hili, sisi watu wa Mvita tuna cha kuwafundisha watu wa kompyuta.

Mwaka 1928 kulifanyika mkutano hapa hapa Mombasa, wa kuamua Kiswahili kipi kiwe cha shule na vitabu kwa Afrika Mashariki. Kimvita, Kiswahili cha mji huu, kilikuwa na watetezi wake. Kamusi kubwa ya Krapf ya mwaka 1882 ilijengwa juu yake. Lakini kilichochaguliwa ni Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia hicho Kiswahili sanifu, na tangu hapo mtoto wa Kibokoni akienda shule anaandika "njia," "nchi," "njoo."

Lakini je, nyanya zetu waliacha kusema "ndia," "nti," "ndoo"? Wapi. Tembea Mji wa Kale leo, barabara yenyewe bado ni Ndia Kuu. Haikugeuzwa Njia Kuu. Mwalimu akisahihisha insha anataka sanifu. Ukifika nyumbani ukaitwa ujikalie kitako ule mahamri, hakuna anayekuita kwa sanifu. Kila mahali pana lugha yake, na mtu mwenye akili anajua amesimama wapi.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo kanuni nzima ya kuandika skripti inayoweza kusafiri. Ndani, mashine kwa mashine, tumia sanifu moja, nayo iseme waziwazi. Nje, mashine kwa mtu, tumia lugha ya mtu. Kosa letu ni kuchanganya hizo mbili: tunamlazimisha mtu azungumze lugha ya mashine, huku mashine tunaiacha ibahatishe lugha ya mtu.

Sawa, maneno matamu. Tufanye vipi? Nawapa nilichojifunza, bure.

Moja. Faili la data lisiwe na mapambo. Andika 12500, usiandike 12,500. Koma ni ya macho ya mtu, iweke mwishoni unapomwonyesha. Kama data imekuja na koma tayari, ziondoe kabla ya kupanga: `tr -d ','` inatosha kama kila mstari ni nambari na jina tu. Tarehe iandike mwaka, mwezi, siku: 2025-04-03. Ukipanga tarehe za namna hiyo kama maneno ya kawaida, zinajipanga zenyewe kwa mfuatano, na hakuna wa kuuliza kipi ni mwezi.

Mbili. Juu kabisa ya skripti inayochambua data, andika `export LC_ALL=C`. Sasa skripti inajua imesimama wapi, iwe ni wewe unayeiendesha, ni cron, au ni binamu yako Hamburg. Usitumie `LANG=C` ukadhani umemaliza, maana mtumiaji akiwa na `LC_ALL` yake, yake ndiyo itakayosikika. Na msinielewe vibaya: `LC_ALL=C` si uganga. Kumbukeni, `C` ndiyo iliyosoma 12,500 kuwa 12! Kazi ya `C` ni kufanya jibu liwe lile lile kila mahali. Ili jibu liwe pia sahihi, lazima sharti la kwanza litimie. Mimi ningekuwa na `C` tangu siku ya kwanza, ningeona kosa mezani kwangu, mbele yangu peke yangu, si dukani kwa Mamkubwa.

Tatu. Kuna kitu kinaitwa `C.UTF-8`. Kiswahili chetu cha herufi za kirumi hakina alama nyingi za juu na chini, kwa hivyo tunadhani tumesalimika. Tazama jina lenye ng'. Kwenye kibodi ya kompyuta ile alama ni kijistari kimoja kilichosimama, baiti moja. Baadhi ya simu zinaibadilisha ziweke ile iliyopinda, nayo ni baiti tatu. Kwa macho ni jina moja, kwa mashine ni majina mawili, na mteja mmoja anakuwa na madeni mawili. Ukitaka herufi zihesabiwe kama herufi na si kama baiti, `C.UTF-8` ndiyo yako. Debian wamekuwa nayo miaka mingi, na glibc yenyewe, ile maktaba iliyo chini ya Linux nyingi, iliipokea mwaka 2022. Lakini alama mbili za ng' uzilinganishe wewe mwenyewe kabla. Hiyo hakuna mpangilio utakaokufanyia.

Nne. Siku usiziulize kwa jina. Tumia `date +%u`, itakupa nambari kuanzia 1 hadi 7, na 1 ni Jumatatu. Hapa Waswahili tuwe macho zaidi! Kwetu hesabu inaanza Jumamosi, ndiyo maana Jumatano ina tano ndani yake. Kwa kompyuta 5 ni Ijumaa. Na saa nazo: Mamkubwa akikwambia saa moja jioni, cron inataka 19. `sw_KE` inajua kusema Ijumaa, lakini saa ya Kiswahili haiijui. Hiyo tafsiri bado iko kichwani mwako.

Tano. Usisome maneno ya kosa kujua kama kuna kosa. Nimeona skripti zinazotafuta "No such file or directory" ndani ya matokeo. Nenda nayo kwa jamaa wa Mayotte au Lubumbashi mwenye mashine ya Kifaransa, ataambiwa "Aucun fichier ou dossier de ce type," na skripti yako itaona mambo shwari. Kila amri ikimaliza inaacha nambari: sifuri ni salama, nyingine ni taabu. Soma nambari hiyo. Haina lugha.

Sita. Ukifika kumwonyesha mtu, mrudishie lugha yake. Kabla ya kuweka `C`, hifadhi mpangilio aliokuja nao, kisha utumie kwenye ule mstari wa mwisho tu. Kwangu mimi meseji ya Mamkubwa inaandika siku kwa `LC_ALL=sw_KE date +%A`, baada ya kuhakikisha `sw_KE` ipo kwenye seva. Ndani kunapangwa kwa sanifu, nje kunasomwa Ijumaa.

Saba, na hii ndiyo ingeniokoa. Iendeshe skripti yako mara tatu kabla ya kumpa mtu: mara moja na `LC_ALL=C`, mara moja na `LC_ALL=de_DE.UTF-8`, mara moja na `LC_ALL=sw_KE`. Ukitaka mipangilio hiyo ifike ndani, ule mstari wa `export` uuzime kwanza. Linganisha matokeo kwa `diff`. Yakitofautiana, umepata mahali skripti inapobahatisha. Kisha iendeshe kwa `env -i`, ambayo inaivua kila kitu ulichokuja nacho, ili uone itakavyokuwa ikiwa peke yake usiku. Dakika tano, haizidi.

Hakuna hata moja hapo niliyoigundua mimi. Fungua `man sort` uone, onyo liko pale limezungushiwa nyota: mpangilio wa lugha unabadilisha mfuatano, weka `LC_ALL=C`. Lilikuwepo siku zote. Chuoni tulifundishwa `sort` kwa kutumia mashine zilizopangwa namna moja, kwa hivyo hakuna aliyeuliza. Sisemi hivyo kujitetea. Hata nje ya chuo nilikuwa na miaka miwili ya kusoma ukurasa huo na sikuusoma. Tunasoma mpaka pale skripti inapofanya kazi kwetu, halafu tunafunga.

Baada ya kisa kile nilikwenda kwa yule bibi na Mamkubwa. Nilijaribu kumweleza mambo ya koma. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa hiyo kompyuta, hukuitazama kabla ya kutuma?" Nikasema sikuitazama, bibi. Akasema, "Basi kosa si la koma."

Ule mstari wa "deni kubwa zaidi" nimeufuta. Sasa kila mtu anapata salamu na salio lake, basi. Na kila Ijumaa kabla ya saa moja, orodha inakuja kwanza kwenye simu ya Mamkubwa, kwa Kiswahili, aitazame mwenyewe.

Kwa hivyo nawe uliyeandika kiskripti cha chama cha mamako, cha mahudhurio ya madrasa, cha stoo ya ndugu yako Marikiti: kiendeshe leo na `sw_KE` uone. Kikivunjika, usimpigie mtu simu kumwambia abadilishe lugha. Niandikie hapo chini kilivunjika mstari gani, tukitengeneze.